Mbingu Zile Zile Zinazoangusha Mawe

Somo: Zaburi 19:1–6, Ayubu 38:22–33, Luka 13:1–5



Zaburi ya 19 tunaipenda sana. Daudi anatuambia kwamba mbingu zinahubiri utukufu wa Mungu mchana na usiku, na hazihitaji spika wala mkalimani. Kusema amina ni rahisi asubuhi, wakati anga ya Kedowa ni safi na umande unang'aa juu ya majani chai. Lakini unajua anga hiyo inavyogeuka. Saa sita mawingu yanaanza kupanda, saa nane yamekuwa meusi, na ikifika saa tisa mabati yanapigwa hata humsikii mtu aliye kando yako. Ukitoka nje, shamba ni jeupe. Vichipukizi vyote viko chini, na itachukua wiki nyingi kabla ya kuchuma tena.

Basi swali la juma hili ni hili: mbingu zinazoangusha mawe, bado zinatangaza utukufu wa Mungu? Ama zinahubiri tu siku za jua?

Anga tuliyopewa sisi

Swali hili linatuhusu kuliko watu wengi. Eneo letu la Kericho pamoja na Nandi Hills linajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Rekodi inayotajwa sana kuhusu Kericho ni wastani wa siku 132 kwa mwaka. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda milima mchana, inakutana na upepo wa mashariki, na wingu linainuka mpaka mahali ambapo maji yanaganda. Tone linakuwa barafu, linavikwa ganda juu ya ganda, na likiwa zito hewa inashindwa kulibeba. Miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walijaribu kupigana na mawingu hayo kwa roketi, tena kwa ndege za kutia kemikali mawinguni. Mpaka leo mawe bado yanaanguka.

Tena kuna jambo la ajabu. Mwaka 1982 watafiti walichapisha kwamba majani ya chai yanayooza chini ya mashina yana chembe ambazo maji huganda juu yake kwa urahisi. Wakapendekeza kwamba vumbi la majani hayo, likitimuliwa na wachumaji wanaopita kati ya mistari, hupanda hadi mawinguni na kusaidia kuumba mawe. Hebu fikiria: unapita na kikapu chako mgongoni, na vumbi la miguu yako linapanda mpaka kwenye wingu.

Vijana wengine huuliza: "Pastor, kama sayansi imeeleza mawe, Mungu amebaki na kazi gani?" Mimi nasema hivi. Asiyejua anaona barafu tu. Anayejua anaona ziwa, mlima, upepo, jani na vumbi, vyote vikifanya kazi pamoja. Amepata mambo mengi zaidi ya kustaajabia, na ile Zaburi bado iko mahali pake.

Wazee walitazama juu

Mababu zetu Wakipsigis walimwita Mungu Asis, na jua ni asista. Walisali asubuhi wakielekea mashariki. Wakristo wengi tumefundishwa kulionea jambo hilo aibu, na ni kweli Kumbukumbu la Torati 4:19 inatuonya tusilisujudie jua, mwezi wala nyota. Onyo hilo ni la lazima. Lakini soma pia Matendo 17, jinsi Paulo alivyoongea na watu wa Athene. Hakuwacheka kwa sababu walikuwa wakimtafuta Mungu. Aliwatangazia yule waliyekuwa wakimpapasia. Wazee wetu waliinua macho, na kuinua macho hakujawahi kuwa dhambi. Hatari ni kusimama njiani, ukashukuru taa ukamsahau aliyeiwasha.

Ndugu zetu Wanandi walikuwa na nyota walizoziita Koremerik. Mwingereza A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba walizitazama ili kujua kama mavuno yatakuwa mazuri au mabaya. Watu wa pwani wanaziita Kilimia, na jina hilo linatokana na kulima. Sasa fungua Biblia yako ya Kiswahili, Ayubu 38:31. Kumbe! Mungu anapomhoji Ayubu, anamtajia Kilimia. Kwa lugha yetu, Mungu anaongea na mtu aliyefilisika kuhusu nyota za wakulima.

Unaweza kuziona. Jioni za mwezi wa tatu, giza likishaingia, angalia upande wa magharibi: kifungu kidogo cha nyota zilizobanana. Mwanga unaouona umesafiri takriban miaka 440. Ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa mwaka 1593, na wewe umeupokea ukiwa umesimama kwa lango la boma lako, ukienda kufungia ng'ombe.

Mungu hakumpa Ayubu hesabu

Tukumbuke hasara za Ayubu zilitoka wapi. Sura ya 1 inasema moto ulishuka kutoka mbinguni ukateketeza kondoo, halafu upepo mkubwa ukaangusha nyumba juu ya watoto wake. Ayubu alipigwa na anga. Na Mungu anapokuja kujibu, anampeleka wapi? Anamrudisha kwa anga ile ile! Anamwuliza kama amewahi kuingia ghala za mvua ya mawe. Anamwuliza habari za umande, za barafu na za radi. Hakuna mahali anapomweleza kwa nini alipoteza watoto.

Mimi nimesomea mambo ya biashara, na mstari wa 26 unanisumbua. Mungu anasema ananyesha mvua jangwani, mahali asipoishi mtu hata mmoja. Katika vitabu vya hesabu hiyo ni gharama isiyo na mapato. Hakuna shamba, hakuna bonasi, hakuna wa kusema asante. Lakini Mungu anataja mvua hiyo kwa furaha. Maana yake anga haikuwekwa kwa ajili ya kilo zangu peke yake. Kuna kazi za Mungu ambazo hazipiti katika daftari langu kabisa.

Hapo ndipo kustaajabu kwa kweli kunaanzia. Ukiisifu mbingu kwa sababu imekuletea mavuno, umeshukuru, na ni vizuri. Lakini ukiweza kuistaajabia siku ambayo haijakuletea kitu, hapo umeanza kumwabudu Mungu kwa ajili yake mwenyewe. Imani inayopanda na kushuka pamoja na malipo ya majani ni mkataba, na Mungu hakutia sahihi mkataba huo.

Nani alitenda dhambi?

Jambo hili lina matunda yake mtaani. Mawe huanguka kwa mkanda mwembamba. Shamba la huyu limeharibika, na la jirani ng'ambo ya barabara halijaguswa hata jani. Kesho yake kwenye kituo cha kununulia majani maneno yanaanza: "Huyo hatoi zaka." "Boma lile lina laana." Na aliyepona anasimama kanisani anasema alifunikwa kwa sababu alipanda mbegu. Yule aliyepigwa ameketi benchi la nyuma, anasikiliza.

Wapendwa, tuache. Yesu aliletewa habari kama hizi katika Luka 13, akataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu, kisha akawaambia waliomletea habari watubu wao wenyewe. Na katika Mathayo 5:45 alisema jua na mvua ya Baba huwafikia wema na wabaya. Fungu la kumi ni ibada. Haikuwa bima ya mazao. Marafiki wa Ayubu walijua sana kupiga hesabu za dhambi za mwenzao, na mwishoni ni wao Mungu aliowakasirikia.

Kwa hiyo ukipona, shukuru kwa sauti, lakini shukrani yako isimhukumu mwenzako. Na mama ambaye karo ya watoto wake imelala chini pamoja na majani, usimwendee na mahubiri ya nyota. Nenda na unga. Nenda na siku moja ya kazi shambani mwake. Warumi 12:15 inatuambia tulie na wanaolia, na huwezi kulia na mtu ukiwa mbali naye. Siku za kutazama juu pamoja zitakuja.

Saa sita hadi saa tisa

Injili zinasema Yesu alipokuwa msalabani giza liliifunika nchi tangu saa sita hadi saa tisa. Sisi tunazijua saa hizo. Ndizo saa ambazo mawingu yetu hukusanyika. Chini ya anga iliyotiwa giza alikuwako mmoja asiye na kosa lolote, na waliopita walidhani Mungu amemkataa. Walikosea. Kwa hiyo hatuwezi kutazama wingu jeusi juu ya shamba la mtu na kusema Mungu amemwacha. Mwana wa Mungu mwenyewe amesimama chini ya wingu kama hilo.

Naam, mbingu zinatangaza utukufu hata siku ya mawe. Zinatangaza kwamba Mungu ni mkubwa kuliko daftari zetu, na msalaba unatuambia kwamba huyo mkubwa yuko pamoja na aliyepigwa.

Ya kufanya juma hili: Usiku mmoja usio na mawingu, zima taa na utoke nje na watoto kwa dakika kumi. Sisi tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo tunaona nyota za kaskazini na za kusini pia. Usiombe kitu. Tazama tu, ushukuru.

Maswali ya kikundi cha nyumbani
1. Mara ya mwisho ulitazama anga bila kutafuta dalili ya mvua ni lini?
2. Ni nani jirani yetu aliyepigwa msimu huu, na tumemfanyia nini?
3. Ushuhuda unawezaje kumtukuza Mungu bila kumuumiza aliyepoteza?

Sala: Baba, wewe uliyeziweka nyota na unayezijua ghala za mvua ya mawe, tufundishe kukustaajabia mavuno yakiwa mengi na yakiwa machache. Linda mashamba yetu. Na ukiruhusu mawe yaanguke, tuondolee ulimi wa marafiki wa Ayubu, utupe mikono ya kusaidia. Katika jina la Yesu, amina.