Shilingi Haishikwi kwa Amri

Mkulima mmoja wa pamba wa Mhunze, katika wilaya ya sasa ya Kishapu, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipimiwa pamba yake, akalipwa, akaenda dukani. Rafu zilikuwa tupu. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, khanga ilipatikana uani kwa bei ya kuruka. Mkewe akazitazama noti, akamwuliza: "Sasa mzee, tutafulia hizi?" Msimu uliofuata akapunguza pamba, akapanda mtama.

Walipofanya hivyo wengi, pamba ya kuuza nje ilipungua na Tanzania ikakosa dola.

Mapigo ya kwanza kwa uchumi yalikuwa makali kweli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na bei ya kahawa iliyokuwa imepaa ikaanza kuporomoka. Ikafuata vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na mafuta yakapanda bei. Lakini mgonjwa alizidiwa kwa sababu ya tiba: thamani ya shilingi ilishikiliwa kwa amri. Mwaka 1982 dola moja benki haikufika shilingi 10, ilhali mitaani iliuzwa kwa zaidi ya maradufu. Kila dola ya pamba ikabadilishwa kwa shilingi chache, na mkulima akalipwa kilichobaki baada ya makato. Wakati huohuo Serikali ilikopa Benki Kuu kuziba nakisi yake; noti zikaongezeka, bidhaa zikapungua. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa nayo ikavushwa mpaka kimyakimya.

Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, rafu hazikujaa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka huohuo dola ikatoka shilingi 17 hadi 40. Machungu yaliyoahirishwa miaka mingi yakaanza kumezwa.

Dola ziliadimika tena mwaka 2023 na 2024. Safari hii shilingi iliachwa ishuke, Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu ya ndani, na tangu Oktoba 2024 wauzaji wa dhahabu nje wanatakiwa kuitengea benki hiyo angalau asilimia 20 ya dhahabu yao.

Kwa hiyo, msomaji, kiongozi akikuahidi kuipandisha shilingi kwa tangazo, usipige makofi kwanza. Muulize kilo ya pamba italipwa ngapi, na nakisi ya Serikali italipwa na nani.