Mahakama ya Katuni
Mimi na rafiki yangu tukikutana wikendi, tunatazama katuni za zamani za Kijapani mfululizo hadi jogoo la kwanza, kisha tunazihukumu. Dragon Ball Z, iliyoanza 1989, yeye anaishtaki kwa kujikokota: vipindi 291, na watu wanakunja ngumi kipindi kizima bila kupigana! Mimi naitetea. Akira Toriyama alikuwa bado anaichora hadithi jaridani kila wiki, na televisheni ilikaribia kumfikia. Ikabidi wavute muda. Tena ilitengenezwa itazamwe mara moja kwa wiki, si vipindi kumi kwa usiku mmoja. Cowboy Bebop ya 1998, vipindi 26 tu, tuliiachia huru haraka. Ule muziki wa Yoko Kanno, nani angethubutu kuufunga? Jumamosi hii ni zamu ya Evangelion, na mwenzangu ameshaanza kununa.