Maji kwa Wakati Wake



Katika baraza za nyumba zetu huonekana mmea wenye shina nene kama mtungi, matawi machache, na maua mekundu au ya rangi ya waridi. Tunauita waridi la jangwani. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, hata huku kwetu Kenya na Tanzania, na Bara Arabu pia. Utomvu wake ni sumu, nao wawindaji waliutumia kupaka mishale. Basi watoto wasiuchezee, na tukiukata tunawe mikono.

Mmea huu hautaki mengi. Wataka jua, udongo uliochanganywa na mchanga wa chembe kubwa, na chungu au debe lenye matundu chini. Kabla ya kuumwagilia, tutie kidole udongoni. Kama ni mkavu, tutie maji hata yatoke chini, kisha tuuache. Kama kuna unyevu, tungoje.

Majira ya baridi au ya ukavu hupukutisha majani. Hapo wengi hushtuka, wakadhani unakufa, wakaukimbilia kwa maji asubuhi na jioni. Kumbe ulikuwa ukipumzika, ukiishi kwa akiba ya shina lake. Mizizi hukaa majini ikaoza, shina likawa laini, na mmea ukafa kwa wema wa mwenyewe.

Ndugu, je, watu hatuwatendei vivyo hivyo? Mtu akifiwa, nyumba hujaa. Huyu aeleza kwa nini Mungu ameruhusu. Huyu amkataza mjane asilie. Huyu auliza habari za shamba. Matanga yakiisha, twaondoka sote. Miezi mitatu baadaye karo inadaiwa, paa linavuja, na hakuna abishaye hodi. Tulimwaga ndoo siku asipoweza kunywa, tukamwacha siku ya kiu.

Tusome habari za rafiki watatu wa Ayubu (Ayubu 2:11–13). Walitoka kwao, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hawakusema neno. Hapo walifanya vema. Walipofumbua vinywa wakaanza kumweleza sababu ya mateso yake, walimwongezea jeraha. Na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa maneno yao (42:7).

Lakini kiasi si uvivu. Mtu asiseme, "Basi, nitamwacha apumzike," akamsahau. Mti wa porini hupeleka mizizi yake mbali kutafuta maji. Wa chunguni hauna pa kwenda, hutegemea mkono wetu. Na wako wajane na yatima katika mtaa wetu ambao, baada ya Mungu, hawana mkono mwingine.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ichague jamaa moja iliyofiwa mwaka huu. Tuandike tarehe ya msiba katika kalenda ukutani. Tuende baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, na siku ya kutimia mwaka. Tukifika, tuketi kwanza. Kisha tuulize, "Mama, leo wahitaji nini?" na tungoje jibu, hata likichelewa.

Bwana, aliyelia kabla ya kumwita Lazaro atoke kaburini, atufundishe kupenda kwa kiasi na kwa saburi. Amina.