Zimelala Tu Kwetu

Sanduku la bati la marehemu baba mkubwa lilikaa chini ya kitanda cha mama, hapa Kimali, tangu siku ya msiba. Tulilifungua mwaka jana baada ya kuuza pamba, wala si kwa heshima ya kumbukumbu. Mchwa walikuwa wamefika kwenye mguu wa kitanda. Juu kulikuwa na stakabadhi za pamba zilizofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na chini yake nakala za barua.

Baba mkubwa hakuwa mwanasheria. Alijua kalamu, basi, na watu walimjia jioni. Niandikie kwa mtendaji, jirani amehamisha mpaka. Niandikie mwanangu yuko Mwanza, ameacha kutuma salamu. Aliandika juu ya karatasi ya kaboni, barua ikaenda, nakala ikabaki. Mojawapo ina alama ya dole gumba mahali pa saini, na wino umetambaa hadi kwenye neno "ng'ombe".

Nikasema zipelekwe Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mama, ambaye alikuwa anachambua choroko, hakuinua hata macho. "Si zetu hizo. Zimelala tu kwetu."

Tangu siku hiyo namfikiria sana Earle Seaton, mwandishi mwingine wa maneno ya wengine. Alizaliwa Bermuda, akaja kufanya kazi ya uwakili Moshi, mtu mweusi mgeni katika nchi ambamo wakili mweusi alikuwa nadra. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika eneo la Engare Nanyuki ili yapatikane mashamba 13 ya walowezi. Nyumba zilichomwa. Aliyesimama mbele kulalamika alikuwa Kirilo Japhet, ambaye kwa watawala alikuwa mchochezi tu. Wakili na mchochezi wakashika kazi moja: kuandika.

Na kuandika kulikuwa na maana kwa sababu ya jambo ambalo watu wengi hulisahau. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mkataba wa Umoja huo ulimruhusu mwananchi wa nchi ya udhamini kupeleka malalamiko moja kwa moja kwa Baraza la Udhamini. Mkikuyu aliyenyang'anywa shamba ng'ambo ya mpaka hakuwa na mlango huo. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Seaton na Japhet wakafika New York. Japhet akawa Mtanganyika wa kwanza kusema mbele ya Umoja wa Mataifa, karibu miaka mitatu kabla ya Nyerere. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono, lakini katika Baraza Kuu lenyewe azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi kwa kura hiyo.

Hapo ndipo wakili mwingine angefunga jalada. Jalada la kesi iliyoshindwa ni kitu kizito: lina jasho la mteja, hasira zake, pengine na uongo wake mdogo. Sheria humtaka wakili atunze siri hiyo. Historia nayo humvuta shati aitoe. Na kuna kishawishi cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho kibaya kuliko vyote, cha mwandishi kuanza kuamini kwamba maneno ni yake kwa kuwa mkono ulioyaandika ni wake. Baba mkubwa alikuwa nacho kidogo. Nilimsikia mara moja kilabuni akisimulia "barua yangu" iliyomtoa mtu mahabusu.

Seaton hakulifungua jalada peke yake. Mwaka 1967 kilitoka Nairobi kitabu cha kesi ya ardhi ya Wameru, na kwenye jalada lake majina ni mawili: Kirilo Japhet kwanza, Earle Seaton wa pili. Msomi huyu, ambaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania na baadaye Jaji Mkuu wa Shelisheli, alikubali kutajwa baada ya mteja wake. Sijui kama walibishana juu ya mpangilio huo. Napenda kuamini hawakubishana.

Nimeweka majani ya mwarobaini ndani ya sanduku na kuliinua juu ya matofali. Mama alikuwa amenikataza kusoma barua, nikasoma mbili tatu, nikakuta deni ambalo nisingependa kulijua. Barua hiyo nimeirudisha chini kabisa. Kisha nikaanza kuwauliza wenye barua, mmoja mmoja. Wengi wamekwisha kufa. Mjukuu wa mwenye dole gumba yuko Mwandoya, anaendesha bodaboda. Nilipompigia simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kwenye barua ile babu yake alikuwa anadai au anadaiwa. Nikamwambia aje asome mwenyewe. Anakuja Jumamosi.