Kazi ya Msitu bila Ujira

Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, msitu uliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1997. Mto Zigi watoka huko, na watu wa Tanga hunywa maji yake. Basi mtu wa kijijini akiombwa kwenda kufyeka mpaka wa hifadhi bila ujira, huuliza: “Mbona nitoe jasho mimi, na anywaye yuko mbali?” Neno hili si la uvivu. Yeye amekatazwa kukata mti hata wa kujengea, amekwisha kutoa. Nasi twaiita kazi ya kujitolea, lakini hujitolea yule aliye huru kukataa. Mtu akiandikwa jina kwa mjumbe kila asipofika, hiyo ni shokoa tu. Apendaye kwenda, na aende. Ila mnywaji wa Tanga naye apande mlima na jembe lake.