Nani Amempa Chama Haki ya Kumsemea Mnyonge?

Kila chama cha mrengo wa kushoto husimama juu ya dai moja: kwamba kinawasemea wasiokuwa na wa kuwasemea. Dai hilo ni la kisiasa, lakini ndani yake mna swali la falsafa ambalo ilani za uchaguzi hulipita bila kulijibu. Mtu mzima hupataje haki ya kumsemea mtu mzima mwenzake? Wakili humsemea mteja kwa sababu mteja amempa kazi hiyo, na anaweza kumnyang'anya kesho. Mzazi humsemea mtoto kwa sababu mtoto hajapevuka, na mtoto hawezi kumfukuza mzazi. Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi kimesimama upande gani? Historia ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, hasa kati ya mwaka 1967 na 1976, inatupa ushahidi mzuri wa kulipima swali hili, kwa sababu hapa hatushughuliki na walaghai. Tunashughulika na chama kilichokuwa na nia njema kuliko vingi vya zama zake. Hoja yangu ni kwamba TANU ilizungumza kama wakili na kutenda kama mzazi, na kwamba jinsi ilivyoiendesha mikoa na jinsi ilivyowajibu wafanyakazi ni kosa moja lililojitokeza mahali pawili.

Tuanze na haki ya chama hicho. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikuwa maneno matupu. Mabenki na makampuni makubwa yalitaifishwa. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili, na kila mmoja wao alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Mwaka 1968, katika maandishi yake kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Nyerere, Rais na kiongozi wa chama hicho, alishikilia kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine. Hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Ni vigumu kupata kauli ya chama tawala chochote, cha kushoto au cha kulia, inayomheshimu mwananchi wa kawaida zaidi ya hiyo. Ndiyo maana kilichofuata kinastahili kuchunguzwa kwa makini. Ikiwa chama chenye imani hiyo kiliishia kuwaamulia watu, basi sababu haikuwa upungufu wa imani, na dawa haiwezi kuwa kuongeza mahubiri.

Kwa upande wa wafanyakazi, mambo yalianza mapema. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa mwaka 1955, na katibu mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Lilikuwa mkono wa kulia wa TANU katika kudai Uhuru. Lakini uhuru ulipopatikana, baadhi ya viongozi wake walikataa kuwa tawi la chama. Mwaka 1962, Kawawa huyohuyo akiwa Waziri Mkuu, ilipitishwa sheria iliyofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja kilichoundwa kwa sheria na kufungamanishwa na TANU. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Hebu fikiria hali ya mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya sera ya mishahara ya serikali: mtu ambaye kazi yake ni kumtetea ndiye aliyekaa kwenye meza ya Baraza la Mawaziri sera hiyo ilipopitishwa.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa wiki chache tu baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau, anasa na uonevu. Wafanyakazi walikichukua kifungu hicho kama kilivyoandikwa. Kwa miaka miwili migomo ilizuka katika viwanda na mashirika ya umma, na jambo la kuzingatia ni kwamba mingi haikuhusu mshahara. Watu waliweka zana chini kwa sababu meneja ametukana, kwa sababu mwenzao amefukuzwa kionevu, au kwa sababu mkubwa wa kazi anajiona bwana. Mahali pengine walimfungia meneja nje ya lango na kuendelea na kazi. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye mali na kukiendesha wenyewe. Hilo lilivumiliwa kwanza. Lakini wengine walipotaka kufuata nyayo zao polisi waliingia, watu wakakamatwa, na wafanyakazi wakaambiwa warudi kwenye nidhamu ya kazi. Issa Shivji, aliyeziandika habari za migomo hiyo, aliona ndani yake tabaka la wafanyakazi likigongana na warasimu waliokuwa wakitawala kwa jina lake. Si lazima mtu akubali uchambuzi wake wote ili auone mkanganyiko: wafanyakazi walikuwa wakitekeleza hati ya chama, na chama kikawaona ni wakorofi.

Mikoani tunakuta hadithi ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Kikazaa vijiji vingine vilivyoungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Wanakijiji walilima pamoja, wakagawana mapato kwa makubaliano ya mikutano yao, wakaendesha shule yao pale Litowa na mashine ya kusaga mjini Songea. Nyerere alivutiwa, na sera ya vijiji vya ujamaa ya mwaka 1967 ilichota mengi kwao. Huo ulikuwa ujamaa usioamrishwa na mtu. Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa. Hakukuwa na kosa la kiitikadi lililothibitishwa dhidi ya wanakijiji wale. Kosa lao lilikuwa kwamba walijiamulia, na viongozi wa chama mkoani hawakuweza kukaa na ujamaa wasioushika wao hatamu. Miaka minne baadaye kuishi vijijini likawa agizo la nchi nzima, na watu wakahamishwa kwa malori.

Mwaka 1972 ndipo likaja jambo lililoitwa Madaraka Mikoani. Mpango huo, uliosanifiwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Marekani, ulinuia kuishusha serikali kutoka Dar es Salaam hadi kwa wananchi. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na watu zikafutwa, na za miji zikafuata. Badala yake kila mkoa ulipata Mkurugenzi wa Maendeleo, mteule wa Rais, akiwa na jeshi la wataalamu chini yake. Kamati za maendeleo ziliundwa ngazi kwa ngazi na madiwani walikaa humo, lakini neno lao lilikuwa ushauri. Kijiji kilichotaka kisima kilipeleka ombi katani, likapanda wilayani, likapanda mkoani, likaenda kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu, na huko ndiko lilikopimwa kama linafaa. Kilichoshuka mikoani kilikuwa watumishi wa serikali kuu. Uamuzi ulibaki juu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa, na mkulima wa pamba au kahawa akawa anauza zao lake kwa mamlaka asiyoichagua.

Mtu anaweza kuyatazama haya kama makosa mbalimbali ya utawala, kila moja na sababu yake. Mimi nayaona kuwa jambo moja, kwa kuwa TFL, Ruvuma, halmashauri na ushirika vinafanana katika kitu kimoja tu: vyote vilikuwa mahali ambapo mtu wa chini angeweza kukiambia chama "hapana" na jibu lake likawa na nguvu. Kupaondoa mahali hapo kunaleta hasara mbili. Ya kwanza ni ya maarifa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mkurugenzi aliyehamishiwa mkoa asioujua hawezi kujifunza kwa ripoti kile ambacho diwani amezaliwa nacho. Ya pili ni ya haki, na ndiyo nzito zaidi. Kumwakilisha mtu maana yake ni kwamba maneno yangu yanaweza kupimwa na yeye, naye akasema sikukutuma hivyo. Pasipo uwezekano huo, hakuna njia ya kutofautisha chama kinachowasemea wanyonge na chama kinachosema peke yake kikitumia jina lao. Hata chama chenyewe hakiwezi kujua kiko upande gani, maana kimeondoa kipimo.

Kuna pingamizi tatu za kujibiwa. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi: wafanyakazi wa mshahara walikuwa sehemu ndogo ya nchi ya wakulima, na Azimio lenyewe lilionya kwamba miji inaweza kuwanyonya watu wa vijijini. Kuwapa nguvu ya kugoma ilikuwa ni kuwapa wachache silaha dhidi ya wengi walio maskini zaidi. Hoja hii ingekuwa na uzito kama chama, kikiwabana wafanyakazi, kingewaachia wakulima uhuru wao. Lakini wakulima wa Ruvuma hawakuwa na marupurupu ya mjini, wala mwanachama wa ushirika hakuwa mnyonyaji wa mtu. Wote walinyamazishwa vilevile. Isitoshe, swali la nani anamzidi mwenzake, mkulima au mfanyakazi, ndilo hasa lililohitaji pande mbili zenye sauti ili zijadiliane. Chama kilijiteua kuwa mwamuzi kati yao baada ya kuwaziba midomo wote wawili.

Pingamizi ya pili inahusu usawa wa mikoa. Mikoa yenye kahawa, kama Kilimanjaro na Ziwa Magharibi, ilikuwa mbali mbele ya Lindi na Mtwara. Ukiuachia kila mkoa mamlaka yake, aliye nacho ataongezewa. Tena halmashauri na vyama vya ushirika vya zamani vilikuwa na wizi na ubabe wa wakubwa wa mahali. Yote mawili ni kweli. Lakini kugawa fedha ni jambo moja, na kuamua zitumikeje ni jambo jingine. Serikali kuu inaweza kukusanya na kugawa kwa haki huku ikiacha uamuzi chini. Wakomunisti wa jimbo la Kerala, nchini India, walionyesha hivyo mwaka 1996 walipozikabidhi serikali za mitaa zaidi ya theluthi moja ya fedha za mpango wa maendeleo ya jimbo, na mikutano ya wananchi ikashiriki kupanga matumizi. Wakomunisti haohao, tangu waliposhinda uchaguzi kwa mara ya kwanza mwaka 1957, wameshindwa na kurudi mara kadhaa, na bado wanajiita chama cha tabaka la wafanyakazi. Kuhusu wizi, mwizi wa halmashauri hung'olewa na wapiga kura wake. Mwizi aliyeteuliwa na Rais anamtazama aliyemteua, na walioibiwa hawana pa kumshika.

Ya tatu husema nchi ilikuwa imezungukwa na maadui: Wareno Msumbiji, makaburu kusini, Amin kaskazini, na maasi ya 1964 hayajasahaulika. Wakati wa hatari umoja hutangulia. Ajabu ni kwamba Mwongozo, ulioandikwa hatari hiyo ikiwa mlangoni, ulifikia hitimisho la kinyume: ngao ya mapinduzi ni wananchi wenyewe, na kiongozi anayewadharau anaidhoofisha. Hata katika Urusi, nchi iliyotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na yenye njaa, mjadala huu ulizuka mwishoni mwa mwaka 1920. Trotsky alitaka vyama vya wafanyakazi vimezwe na dola, kwa kuwa dola ni ya wafanyakazi. Lenin alimjibu kwamba dola hiyo imepindishwa na urasimu, hivyo wafanyakazi wanahitaji vyama vyao ili wajikinge hata na dola yao wenyewe. Historia haikumfuata Lenin katika hilo, na yeye mwenyewe hakuifuata hoja yake hadi mwisho. Lakini inatosha kuonyesha kwamba wazo la kujikinga na chama chako halikuletwa na mabepari kuwahujumu wajamaa. Limetoka ndani ya ujamaa wenyewe.

Nyerere alilikaribia jambo hili katika mahojiano ya mwaka 1984, alipokiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Halmashauri za miji zilikuwa zimerejeshwa mwaka 1978, huduma zikiwa zimezorota na kipindupindu kimeshaingia. Sheria za mwaka 1982 zikarejesha zile za wilaya. Kukiri huko kulimpa heshima, lakini kuligusa vyombo kuliko kanuni. Halmashauri zilirudi kwa sababu kutokuwapo kwake kulileta hasara, kana kwamba kama mpango wa 1972 ungechimba visima vingi, basi ungekuwa halali. Ndiyo maana hadi leo Tanzania ina madiwani wa kuchaguliwa wanaofanya kazi na Mkurugenzi wa kuteuliwa, chini ya Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa wa kuteuliwa. Kinachotolewa kwa sababu kina faida huchukuliwa siku faida ikitiliwa shaka.

Vyama vya upinzani vinavyotaka leo kurithi Azimio la Arusha, pamoja na chama kilichoirithi TANU, havina budi kuulizwa swali gumu kuliko lile la nani vinampenda. Viulizwe ni chombo gani cha wafanyakazi, na ni baraza gani la wilaya, ambalo viko tayari kushindwa nalo vikiwa madarakani, na likishinda visilivunje. Chama cha kushoto kisichoweza kulitaja hata moja kinaweza kuwa na huruma nyingi na sera nzuri, lakini uwakilishi hakina; na mnyonge ana haki ya kukitazama kama anavyomtazama mwajiri mwingine yeyote.