Mgeni na Jembe



Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika kijitabu chake cha Ujamaa, nasi walimu tumeifundisha miaka mingi kuwa yakemea uvivu. Ni kweli. Lakini methali haisemi kwamba mgeni yule alilima shamba la nani, wala alilipwa nini jua lilipotua. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Lushoto, kwani watoto wetu huenda ugenini kutafuta kazi, na wageni nao huja kutafuta kazi kwetu.

Milima ya Usambara imekwisha kuona mengi. Wajerumani waliuita mji wetu Wilhelmstal. Walowezi wao walitoka makwao kutafuta riziki, wala kutafuta riziki si dhambi. Lakini mwaka 1907 wilaya hii iliwekewa utaratibu wa kadi: mwanamume alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi kwa siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kazi za serikali. Tazameni methali ilivyopinduliwa: mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe! Huko chini tambarare, mkonge (nao ni mgeni, uliletwa kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893) ulikatwa na watu waliotoka Kigoma, Songea hata Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake.

Siku hizi binti zetu huenda Omani na nchi jirani zake kufanya kazi za nyumbani. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya Watanzania wa kazi hizo: pasi zao kushikwa na mwajiri, kazi mchana na usiku, mishahara kukatwa. Tulisikitika, na ilikuwa haki tusikitike.

Lakini yafaa tutenganishe mambo mawili. Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Sheria yetu ya mwaka 2015 yamtaka mgeni awe na kibali cha kazi, na mwajiri wake aonyeshe mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Naiona ni sheria ya busara. Basi kijana wetu akidaiwa vyeti na lugha ya Kijerumani kabla ya kuajiriwa uuguzi huko Ujerumani, tusiseme ameonewa. Huo ni mlango wao. Kumnyima usingizi aliyekwisha kuingia, au kumfungia pasi yake sandukuni, si ulinzi wa mlango hata kidogo.

Ruthu, mwanamke wa Moabu, alikuwa mgeni Bethlehemu. Boazi hakungoja aombwe; aliwakataza vijana wake wasimguse, tena akawaagiza wamwachie masuke makusudi. Hakuuliza kwanza kama wenzake wa Moabu wangewatendea Waisraeli vivyo hivyo.

Sasa nije kwetu. Katika mabonde yetu ya kabeji na viazi huonekana mara nyingine kijana aliyevuka mpaka, hana karatasi yoyote. Hupewa nusu ya ujira wa mwenzake waliyepiga naye jembe mstari mmoja. Nimewahi kumwuliza mwenye shamba mmoja, mtu mwema na mcha Mungu, sababu yake. Akanijibu, "Mwalimu, mwenyewe amekubali." Naam, amekubali, kama yule binti alivyokubali akiwa mbali na kwao, hajui polisi watamsikiliza au watamfunga. Kama hana kibali, hilo ni shauri lake na serikali, na mwenye shamba anayemwajiri naye atajibu kwa sheria. Lakini viazi alivyochimba ni gunia zima, na sokoni viliuzwa kwa bei ya gunia zima.